Mshika Mbili Asishike Kisu

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Methali hii tumeisikia majumbani mwetu tangu utotoni, na aghalabu tuliisikia wakati tumeshavunja kitu. Siku hizi kushika mbili kumegeuka kuwa sifa. Mwanafunzi anasikiliza mhadhara huku anamalizia ripoti ya maabara, anajibu ujumbe wa WhatsApp huku anakariri majina ya mishipa, na akiulizwa anasema kwa fahari kwamba yeye kichwa chake kinaweza. Wenzetu wanaosoma udaktari huibeba sifa hiyo mpaka hospitali. Huko daktari kijana anayesifiwa ni yule anayeshona jeraha, anajibu swali la bingwa, na anatoa maagizo ya dawa ya mgonjwa wa wodi nyingine, yote kwa mara moja.

Ndugu wasomaji, kwa maoni yangu sifa hiyo haistahili kutolewa. Mtu anayejifunza upasuaji hapaswi kupewa mambo mawili wakati mkono wake umeshika kisu, na jukumu la kumlinda na hali hiyo ni la wanaomfundisha na hospitali anayofanyia mafunzo, kabla halijawa lake mwenyewe.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika klabu yetu wamo wanaosoma udaktari, na baada ya shahada baadhi yao wataomba nafasi katika Bodi ya Oman ya Utaalamu wa Kitabibu, OMSB, iliyoanzishwa mwaka 2006 ili madaktari wasomee ubingwa hapa hapa nchini. Watafanya mafunzo katika hospitali kama Royal, Khoula na ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Pili, sote tuna wazee. Mzee aliyekuja Oman kutoka Unguja, Pemba au Mombasa miaka ya 1970 akiwa kijana, leo ndiye anayepelekwa chumba cha upasuaji kwa ajili ya nyonga au mfuko wa nyongo. Chombo kitakachomgusa huenda kikashikwa na daktari anayejifunza, chini ya uangalizi wa bingwa. Hilo si la kutisha, kwani mabingwa wote duniani walipatikana kwa njia hiyo. La kuuliza ni huyo anayejifunza ana nini kingine kichwani wakati huo.

Tuanze na akili yenyewe. Wazo la kufanya kazi nyingi kwa pamoja lilipata umaarufu kupitia kompyuta za miaka ya 1960. Kompyuta ya wakati ule haikuwa ikifanya kazi mbili kwa pamoja. Ilikuwa ikifanya moja kidogo, inaiacha, inafanya nyingine kidogo, inarudi. Kwa kuwa iliruka kwa kasi kubwa, mtu aliyeitazama aliona kama zote zinakwenda kwa wakati mmoja. Binadamu naye huruka hivyo hivyo, lakini kwa hasara zaidi. Kompyuta inapoiacha kazi huhifadhi mahali ilipofikia. Sisi tukirudi inabidi tujiulize: nilikuwa wapi? Mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Jersild, alipima jambo hili tangu mwaka 1927. Aliwapa watu kazi mbili ndogo za kupokezana, na akaona kwamba mara nyingi kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunakula muda, hata kama kila kazi peke yake ni rahisi. Tangu hapo watafiti wengi wamerudia kupima na wamekuta yale yale. Kazi mbili zinazohitaji maamuzi hazipiti mlangoni pamoja. Moja inapita, nyingine inasubiri.

Najua kuna msomaji anayesema: mbona bibi yangu anakaanga mandazi, anamtuliza mtoto na anazungumza na dada yake aliyeko Zanzibar kwenye simu, na hakuna kinachoungua? Ni kweli, lakini tumtazame bibi huyo vizuri. Mkono wake umekaanga mandazi miaka arubaini. Hafikirii tena ni lini la kugeuza, mkono unajua. Akili yake ina kazi moja tu, mazungumzo. Sasa mpe kazi ngeni, kwa mfano kujaza fomu ya benki kwenye simu, uone kama hatamwambia mtoto anyamaze.

Mfano mwingine tunao pande zote mbili za bahari, Oman na Zanzibar. Ni halua. Anayekoroga sufuria ya halua hukoroga muda mrefu bila kuacha, na akizubaa chini pakashika, sufuria nzima imeharibika. Fundi mzee anaweza kukoroga huku anapiga soga. Kijana anayejifunza hawezi, na fundi mwenye busara hamtumi kijana huyo ahudumie wateja huku mwiko uko mkononi mwake. Anamwacha kwanza aijue sufuria.

Upasuaji una ushahidi wake, na ushahidi huo unatisha. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu madaktari 18 waliokuwa katika mafunzo ya upasuaji. Kila mmoja alifanya upasuaji wa kuigiza wa kuondoa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo, kwenye mashine ya mazoezi. Aliufanya mara mbili, mara moja katika utulivu na mara nyingine katikati ya usumbufu wa kawaida wa chumba cha upasuaji, kama vile simu kulia, sinia la chuma kuanguka, watu kuzungumza pembeni, na mtu kuja kumuuliza swali kuhusu mgonjwa mwingine. Katika utulivu, ni mmoja tu kati ya 18 aliyefanya kosa kubwa. Katika usumbufu walikuwa 8. Waliambiwa pia wakumbuke jambo moja la kufanya baadaye. Katika utulivu walisahau 4, katika usumbufu walisahau 10.

Kwetu sisi wanafunzi na walimu, sehemu yenye somo kubwa zaidi ni nyingine. Kilichosababisha makosa mengi kuliko vyote hakikuwa kelele ya sinia. Kilikuwa maswali, na baada ya maswali, mazungumzo ya pembeni. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Sinia likianguka, sikio linashtuka na kutulia. Swali linataka jibu. Linaingia mlango ule ule ambao maamuzi ya mkono yanapitia, na mkono hausimami kungoja. Unaendelea kukata huku mwenyewe amekwenda kutafuta jibu.

Hapa naomba walimu wetu waniwie radhi, kwa sababu ninayosema yanawagusa. Katika mafunzo ya udaktari kuna desturi ya zamani, na haiko Oman peke yake, ya bingwa kumuuliza mwanafunzi maswali katikati ya upasuaji. Huu ni mshipa gani? Ukikata hapa utaharibu nini? Dalili za ugonjwa huu ni zipi? Desturi hii ina nia njema, na wengi waliopitia mikononi mwa walimu wakali wanawashukuru. Lakini maswali hayo si ya aina moja. Swali la "huu ni mshipa gani?" linamrudisha mwanafunzi kwenye kile anachokitazama. Swali la dalili linamtoa chumbani na kumpeleka maktaba, huku kisu kimebaki kwenye mwili wa mtu. La kwanza ni sehemu ya kazi, la pili ni kazi ya pili. La pili nalo lina nafasi yake, wakati wa kunawa mikono kabla ya kuanza, au baada ya jeraha kufungwa. Na kama mwalimu anaona lazima aulize papo hapo, basi aseme kwanza: "Weka chombo chini." Mwanafunzi atajibu vizuri zaidi, na mgonjwa hatalipia jibu lile.

Jambo la pili ni simu ya zamu. Daktari kijana aliye zamu hutafutwa na kila mtu. Wodi inamtafuta kwa homa, mapokezi ya dharura wanamtafuta kwa ajali, maabara inamtafuta kwa matokeo ya damu. Mahitaji yote hayo ni ya kweli. Lakini akiwa amevaa glavu na simu inawekwa sikioni mwake na muuguzi, au inasomwa kwa sauti ili atoe agizo, wagonjwa wawili wanatibiwa na nusu ya daktari kila mmoja. Ni afadhali simu ile iwe mikononi mwa mwenzake ambaye hajashika kisu, hata kama huyo mwenzake ni mdogo zaidi na kazi yake ni kuandika tu na kupanga lipi la haraka na lipi linaweza kungoja.

Jambo la tatu ni la kwetu hasa sisi watu wa lugha nyingi. Hapa Oman udaktari unasomeshwa kwa Kiingereza, mgonjwa anazungumza Kiarabu, na wauguzi wengi wametoka India na Ufilipino na kila mmoja ana Kiingereza chake na Kiarabu chake. Baadhi ya wazee wetu bado wanaueleza ugonjwa kwa Kiswahili tu, na ndiyo maana vijana wa nyumba za Waswahili huombwa kufasiri wodini. Sisi tunajivunia kuruka kutoka lugha moja hadi nyingine, na tuna haki ya kujivunia. Lakini kuruka lugha nako ni kuhama, na kuhama kuna gharama. Mtu akiwa amekaa sebuleni hiyo gharama haioni. Akiwa ameshika kibanio kwenye mshipa, akaulizwa kwa Kiarabu, akawaza kwa Kiingereza, na jibu likamjia kwa lugha ya tatu, ataiona. Timu ikubaliane kabla ya kuanza kwamba maagizo ya wakati wa hatari yatatolewa kwa lugha moja na maneno yale yale, na anayeyapokea ayarudie kwa sauti. Hilo halihitaji fedha wala kifaa.

Sasa nisikilize hoja za wanaopinga, maana zina uzito. Hoja ya kwanza inasema chumba cha upasuaji hakiwezi kuwa maktaba. Damu hutoka bila kupiga hodi, mashine hulia, daktari wa usingizi lazima aseme shinikizo la damu likishuka. Daktari aliyelelewa katika ukimya atafanya nini siku ya vurugu? Na wenye hoja hii wana ushahidi wao. Mwaka 2008 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwapa wapasuaji wazoefu na wanafunzi zoezi rahisi la upasuaji wa matundu pamoja na hesabu za kufanya kichwani. Wazoefu walifanya yote mawili vizuri. Wanafunzi walianguka.

Nakubaliana na matokeo hayo, na naona yanaunga mkono upande wangu. Wale wazoefu hawakufikia hapo kwa kujizoeza vurugu. Walifikia kwa kurudia zoezi lile mpaka mkono ukalijua wenyewe, kama mkono wa bibi na mandazi, na hapo akili ikapata nafasi ya hesabu. Kumpa mwanafunzi vurugu mapema ni kumnyima kile kile kitakachomwezesha kuihimili. Mpangilio ndio wenye maana. Kwanza ajifunze kufunga fundo na kushika kamera ya matundu katika utulivu, mara nyingi, mpaka asifikirie tena. Kisha usumbufu uongezwe kidogo kidogo, kwenye mashine ya mazoezi, ambako anayekatwa ni plastiki. Simu ilie, swali liulizwe, mwenzake azungumze. Apimwe tena. Akianguka, arudi nyuma hatua moja. Siku atakapokutana na vurugu ya kweli kwa mgonjwa wa kweli, isiwe ndiyo mara yake ya kwanza. Vyumba vya mazoezi ya kuigiza vipo hapa Maskati. Vitumike kufundisha na hili, siyo mikono peke yake.

Hoja ya pili ni ya upungufu wa watu. Anayesema "jambo moja kwa wakati mmoja" anaambiwa kwamba hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Afrika Mashariki iko mbali na lengo hilo. Ndiyo maana mwaka 1999 nchi za eneo hilo zilianzisha Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, ili madaktari wasomee ubingwa ndani ya hospitali wanazofanyia kazi. Katika hospitali ya wilaya yenye mpasuaji mmoja, nani atashika simu?

Jibu langu liko Ifakara. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji katika hospitali za miji minane. London ilikuwemo, Toronto na Seattle zilikuwemo, na pamoja nazo ilikuwemo Ifakara, Tanzania. Orodha ina mambo 19 tu. Inaitaka timu isimame mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Kabla ya kukata, timu nzima huacha kwa muda mambo mengine. Katika hatua hizo tatu watu wanatajana majina, wanamtaja mgonjwa, wanataja kinachokwenda kufanywa, wanahesabu vifaa. Kwa miji yote minane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ile ina faida nyingi na siwezi kusema yote yalitokana na utulivu. Lakini inathibitisha kwamba kuacha mengine yote kwa dakika moja kunawezekana Ifakara kama kunavyowezekana London. Penye watu wachache ndipo dakika hiyo inapohitajika zaidi, kwa sababu hakuna bingwa wa pili wa kurekebisha kosa.

Wenzetu wa anga waliliona hili mapema, nao walilipia kwa roho za watu. Mwaka 1974 ndege ya abiria ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, na watu zaidi ya 70 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba marubani walikuwa wakipiga soga za mambo yasiyohusu safari. Mwaka 1981 Marekani ikaweka kanuni kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000, marubani hawaruhusiwi kusema wala kufanya lolote lisilohusu usalama wa ndege. Leo utaratibu huo umeenea duniani. Tukisafiri kutoka Maskati kwenda Zanzibar na ndege ikaanza kushuka, tunataka rubani awe na jambo moja tu kichwani, na hatumwoni mvivu kwa kuwa hajibu simu. Upasuaji nao una kuruka na kutua kwake. Katika kuondoa mfuko wa nyongo, kutua ni pale mfereji na mshipa vinapotambuliwa kabla ya kubanwa na kukatwa, kwani mfereji usiokuwa wenyewe ukikatwa mgonjwa hubaki na madhara makubwa. Mpasuaji mkuu aseme neno moja hapo, "kimya", na chumba kinyamaze isipokuwa kwa anayeona hatari. Kisha soga zirudi, na maswali, hata muziki.

Ninayoyataka basi ni machache. Simu ya zamu isiingie na anayeshika kisu. Swali lisilohusu kilicho mbele ya macho lingoje. Hatua za hatari zitajwe kabla ya kuanza, na zikifika pawe kimya. Lugha ya maagizo iwe moja. Na usumbufu ufundishwe kwa ngazi, kwenye mashine ya mazoezi, kabla haujafundishwa kwa mwili wa mtu. Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja bajeti mpya. Yote yanangoja mkubwa wa chumba aseme ndiyo, kwa sababu mwanafunzi hana ubavu wa kumwambia bingwa "ngoja kidogo". Ndiyo maana nimesema jukumu linaanza kwa walimu.

Kwa wenzangu wa klabu wanaoelekea udaktari, yapo yetu pia. Tukifanya mazoezi ya kufunga fundo kwa uzi kwenye mguu wa kiti, simu ikae chumba kingine. Na tuache kumpigia makofi mwenzetu kwa kuwa amefanya matatu kwa pamoja. Tumuulize lipi kati ya hayo matatu alilifanya vizuri. Siku mzee wa mmoja wetu atakapolazwa juu ya meza ile, mataa yamewashwa na daktari wa usingizi amekwisha kumwambia apumue taratibu, ninamwombea daktari kijana ambaye wakati huo ana jambo moja tu, naye ni mzee huyo.